Ile tatu kwenye karatasi ya Mama

Mama alificha damu kwa miezi minane. Alikuwa na miaka 64, hedhi ilikoma akiwa na 51, na Baba alishatangulia mbele ya haki. Vitambaa alivifua usiku, akavianika chumbani nyuma ya mlango, na mimi niliyekuwa nikipanda kwake Kibosho, mlimani Kilimanjaro, kila Jumapili kumsalimia sikushtukia kitu. Aliniambia siku aliposhindwa kuinuka kanisani kwenda kupokea komunyo. Khanga ilikuwa imechafuka, akaogopa watu wa benchi la nyuma wataona.

Siwezi kusema alikaa tu. Mwanzoni kabisa alikwenda zahanati, akapewa dawa za UTI. Akarudi, akapewa nyingine. Mahali pengine akaambiwa ni uvimbe, wanawake wengi wanao, na kwa umri wake utanywea wenyewe. Tena alikuwa na sababu ya kutulia: mwaka uliotangulia alikwenda na wenzake wa jumuiya kupima kansa ya shingo ya kizazi, kile kipimo cha kupaka siki, wakamwambia yuko salama. "Mimi kansa ya kizazi nilishapima," ndivyo alivyokuwa akijibu. Alisema kweli. Ila kipimo cha siki huangalia mlango, na ugonjwa wake ulikuwa chumba cha ndani.

Hili naliandika mapema, kabla sijaendelea na habari zetu, maana ndilo ningependa mtu aondoke nalo hata akiishia hapa. Kama hedhi imeshakukoma mwaka mzima kisha ukaona damu, hata tone, hata maji ya rangi ya chai, nenda ukaombe kizazi chenyewe kiangaliwe. Wengi wanaotokwa na damu hivyo hawakutwi na kansa. Lakini ukiwakusanya wanawake wenye kansa ya ukuta wa ndani wa kizazi, takriban 9 kati ya 10 walianza kwa damu ya namna hiyo hiyo.

Tulishuka Moshi mjini Mama akapigwa altrasaundi. Ule utando unaofunika kizazi kwa ndani ulipimwa ukakutwa na milimita 17. Tukaelezwa kwamba kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi, utando wa milimita 4 au pungufu humpa daktari amani, ukizidi hapo lazima utafutwe sababu. Mimi ni fundi cherehani. Niliposikia utando wa ndani, nilichoona kichwani ni bitana ya koti, na bitana nene mara nne ya inavyotakiwa ni kitu ambacho mkono wangu ulikielewa kabla ya akili.

Sababu inatafutwa kwa kuchukua kinyama, na kwa Mama ilibidi asafishwe. Hapo palitukwamisha wiki mbili. Neno hilo huku kwetu linasemwa kwa waliotoka mimba, tena kwa kunong'ona. Mjane wa miaka 64, mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya kijiji, aseme anakwenda kusafishwa? Aliniuliza kama hakuna namna ya kuandika neno lingine kwenye fomu. Nilimwomba muuguzi, naye kwa wema wake akamweleza upya, akisema ni kuchukua kipimo tu, atalala kidogo na hatasikia. Wahudumu wanaosoma haya wajue kwamba neno moja linaweza kumrudisha mgonjwa nyumbani.

Majibu yalitoka wiki moja kabla ya Krismasi ya 2023. Anayeijua Kilimanjaro anaijua wiki hiyo. Magari kutoka Dar yanapanda mlima usiku na mchana, kila nyumba ina wageni, na migombani kunanukia nyama ya kuchoma. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, haifiki hata ukurasa mzima. Tulielezwa kwamba ni kansa, kwamba imeanzia kwenye ule utando, na kwamba Mama apangiwe upasuaji Januari. Neno la kwanza nililisikia. Mengine yalipita.

Jioni ile karatasi ilikuwa juu ya meza ya Mama na nyumba imejaa watu. Ikapita mikono kumi. Kijana wa baba mdogo aliyemaliza chuo akaisoma kwa sauti, akafika mwisho palipoandikwa gredi, na mbele yake tarakimu 3.

"Ni ya tatu," akasema.

"Hatua ya tatu?" baba mdogo akauliza.

"Ndiyo, ya tatu."

Basi. Hakuna aliyekusudia ubaya na hakuna aliyeuliza swali la pili. Kabla hatujala, picha ya karatasi ilikuwa imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na chini yake pole zimeanza kupangana. Mdogo wangu wa Mwanza alipanda basi usiku ule ule. Kesho yake jumuiya ilikuja kusali, na Padre alifika na mafuta ya wagonjwa. Mama aliwapokea wote, akawaandalia chai, akaniuliza jikoni, "Mwanangu, kwani wamekwambia lini?" Alikuwa anauliza siku yake ya kufa.

Tarehe 27 Desemba niliamshwa na sauti ya panga. Nilitoka nje nikakuta baba mdogo na vijana wawili wanaondoa mibuni pembeni ya kaburi la Baba. Kwetu tunazikana kihambani, kwenye shamba la nyumbani, na nafasi ya Mama ni pale. Hawakutangaza. Walitaka tu mahali pawe tayari wakati vijana bado wako nyumbani, kabla hawajarudi mjini. Nakubali kwamba walidhani wanasaidia. Lakini Mama alikuwa amesimama mlango wa jiko, kikombe mkononi.

"Wanafyeka nini kule kwa baba yenu?"

Nilimwambia wanapunguza kivuli. Akaangalia kwa muda, akamwaga chai iliyobaki, akaingia ndani. Siku hiyo hakula, na sijawahi kusahau kwamba nilimdanganya akiwa anaona.

Mwaka ulipoanza nilikwenda peke yangu hospitali ya KCMC, nikakaa kwenye benchi mpaka daktari aliyetupa majibu akamaliza wagonjwa. Ni mama wa makamo, mpole. Nilimuuliza mgonjwa wa hatua ya tatu anaishi muda gani.

"Nani kasema hatua ya tatu?"

Nikampa karatasi, nikamwonyesha kwa kidole. Akaitazama, akavuta kiti upande wangu.

"Dada, humu hakuna hatua. Hatua ya mama yako mimi mwenyewe siijui. Hakuna anayeijua bado."

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike. Ile tatu ilikuwa daraja, yaani gredi. Daraja ni tabia ya seli zinavyoonekana kwenye hadubini. Utando wa kizazi wenye afya umejaa vijitezi vyenye umbo la mirija midogo. Kansa ya aina ya Mama ikiwa bado inajitahidi kuunda vijitezi hivyo, na sehemu iliyojazana ovyo haizidi asilimia 5, ni daraja la kwanza. Ikiwa kati ya 6 na 50, la pili. Ikizidi 50, la tatu. Kwa hiyo ile tatu ilikuwa inasema seli za Mama zimesahau sana kazi yao na zina haraka. Si habari njema, na daktari hakuipamba. Lakini haikuwa inasema zimefika wapi. Kufika wapi ndiyo hatua, na kinyama cha ukubwa wa punje za mchele hakiwezi kusema hivyo.

Nikamuuliza mbona jirani yetu aliyekuwa na kansa ya shingo ya kizazi aliambiwa hatua yake siku aliyopimwa. Swali hilo alilipenda. Akasema shingo ya kizazi daktari anaifikia, anaiona kwa macho na kuipapasa, ndiyo maana kwa miaka mingi hatua ya kansa ile imekuwa ikipangwa kwa uchunguzi wa daktari. Kansa ya utando wa ndani imejificha ndani ya ukuta wa msuli. Zamani nayo ilikadiriwa kwa kupapasa, na makadirio yalikosewa mara nyingi, mpaka mwaka 1988 shirikisho la kimataifa la madaktari wa magonjwa ya wanawake, FIGO, likaamua kwamba hatua yake itokane na upasuaji. Kizazi kitolewe, kipasuliwe, kipimwe, ndipo itajwe.

Akageuza karatasi, akachora kizazi kwa kalamu, kama pea iliyogeuzwa kichwa chini. Akaandika 1 ndani yake: kansa haijatoka kwenye kizazi. Humo humo kuna A na B, A kama imeingia chini ya nusu ya unene wa msuli, B kama ni nusu au zaidi. Kwenye shingo akaandika 2. Nje akaandika 3, akazungusha duara: ngozi ya nje ya kizazi, ovari, mirija, uke, na mitoki, yaani vile vitezi vya kinga ya mwili, ya nyonga hadi ile iliyo juu kandokando ya mshipa mkubwa wa damu. 4 akaiweka pembeni kabisa: kutoboa kibofu au utumbo mkubwa, au kuruka kwenda ini, mapafu, mifupa. Kipimo cha CT ambacho Mama alikuwa amepigwa hakikuonyesha kitu kwenye ini wala kifuani. "Lakini picha," akasema, "haioni seli chache zilizolala ndani ya mtoki mdogo. Tungoje tuutoe."

Nilipanda Kibosho na mchoro ule ndani ya sidiria ili usilowe. Nilimweleza Mama peke yake, jikoni, mlango umefungwa. Alisikiliza kama anasahihisha daftari. Nilipomaliza alisema, "Kumbe ni kama fukusi." Fukusi ni yule mdudu anayetoboa shina la mgomba chini ya udongo. Majani yanakuwa manjano, mgomba unalegea, lakini hujui ameingia kiasi gani mpaka uling'oe shina na ulikate kwa panga. Pengine ameishia kwenye ganda. Pengine amefika kwenye moyo wa shina na mgomba wa jirani pia unaye. "Sasa waking'oa watajua," akasema, na usiku ule alikula.

Upasuaji ulifanyika katikati ya Januari. Walitoa kizazi chote pamoja na shingo yake, mirija na ovari zote mbili, na mitoki ya nyonga pande zote. Saa tatu na nusu nilizokaa nje sina la kusema juu yake. Ninachokumbuka ni ndoo. Ilitoka ndoo ndogo nyeupe yenye kifuniko, ndani yake dawa ya formalini, na fomu imefungwa na plasta, nikaombwa niipeleke maabara. Mimi ni kifungua mimba. Nilitembea nayo kwenye ile korido nikiwa nimeishika kwa mikono miwili, kwa sababu nilichobeba ndimo nilimokaa miezi tisa, kisha wadogo zangu baada yangu. Watu walinipita wakizungumza habari zao. Pale dirishani kijana aliipokea, akaandika namba, akanipa risiti.

Kisha kungoja. Watu hawaelezwi kwa nini kungoja kunachukua wiki, na kwa kukosa kuelezwa wanadhani majibu yamefichwa kwa kuwa ni mabaya. Mimi nilieleweshwa na yule yule kijana wa dirishani. Kizazi kinakaa kwenye dawa mpaka kikaze. Kinapasuliwa, wanaangalia kwa macho, wanachagua vipande. Kila kipande kinatolewa maji, kinazamishwa kwenye nta, kinakatwa kikawa chembamba kuliko karatasi, kinapakwa rangi, waridi na zambarau, ndipo daktari wa hadubini anasoma kioo baada ya kioo. Mitoki inatafutwa mmoja mmoja ndani ya mafuta, inahesabiwa. Ukimharakisha mtu wa kazi hiyo ndipo mtoki mmoja unapoachwa. Kwenye kazi yangu najua mteja anayesimama mlangoni husababisha mshono kwenda kombo.

Majibu yalikuja Februari. Safari hii tulikwenda watatu, mimi, Mama mwenyewe na baba mdogo. Nilimwomba baba mdogo aje kwa makusudi. Ukuta wa kizazi ulikuwa na milimita 18, na kansa ilikuwa imeingia milimita 13. Imepita nusu. Shingo safi. Ovari na mirija safi. Mitoki 11 imekaguliwa, yote safi. Daraja lilibaki lile lile la tatu.

"Kwa hiyo, daktari, ni hatua ya ngapi?" baba mdogo akauliza, sauti imeshuka.

Jibu lilikuja na mambo mawili. Kwa mwongozo wa mwaka 2009, uliozoeleka hospitali nyingi, hiyo ni hatua ya kwanza B. Kwa mwongozo mpya ambao FIGO waliutoa mwaka 2023, ni hatua ya pili C.

Nakiri nilikasirika. Nilikuwa nimetumia mwezi mzima kuwafundisha ndugu kwamba daraja ni kitu kimoja na hatua ni kingine, na sasa Mama amepandishwa hatua akiwa amekaa kwenye kiti. Daktari alituacha tupumue, kisha akaeleza. Kansa haijasogea hata milimita moja. Kilichobadilika ni namna ya kuhesabu. Waliopanga mwongozo mpya waliona kwamba wanawake wawili wenye kansa iliyofika mahali pamoja hawafanani baadaye, kwa kuwa seli za mmoja ni tulivu na za mwingine zina haraka. Wakaamua tabia ya seli iingie kwenye hesabu ya hatua. Aina zenye haraka, na daraja la tatu limo, zikishaingia kwenye msuli hata kidogo, zinaandikwa pili C. Hata vipimo vya vinasaba sasa vinaweza kubadili namba: kuna badiliko moja la vinasaba linaloitwa POLE ambalo likipatikana, kansa ya mwanzo inayoonekana kali inarudishwa hatua ya kwanza, kwa sababu wagonjwa wake huendelea vizuri sana. Kipimo hicho Mama hakufanyiwa.

Basi ile tatu ya Krismasi ilikuwa na uzito wake. Kijana wa baba mdogo alisoma namba ya kweli akaipa jina lisilo lake. Nililiwaza hilo njia nzima ya kurudi. Nadhani kosa letu kubwa lilikuwa kutaka namba moja ya kutuambia kila kitu, wakati Mama alikuwa na namba tano au sita, kila moja ikijibu swali lake: imeingia kiasi gani, shingo ikoje, mitoki mingapi, seli zina tabia gani. Maswali hayo ndiyo yaliyoamua matibabu. Kama ingekuwa daraja la kwanza na imeingia juujuu tu, pengine angerudi nyumbani na kliniki za kufuatilia. Kwa alivyokuwa, ilibidi apate mionzi.

Alipelekwa hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam, Aprili 2024, masika imefunga barabara za Dar. Alifikia kwa mdogo wangu Tabata. Mionzi 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano, kila siku akitakiwa kunywa maji kibofu kijae kabla ya kulala kwenye mashine, na foleni ya magari ikimtesa na kibofu chake. Baadaye mionzi ya ndani. Aliharisha, alichoka, alikonda. Daktari wa huko alimwambia waziwazi jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia, kwamba kisukari chake na uzito wake vilikuwa na mkono humo: hedhi ikishakoma, mafuta ya mwili yanaendelea kutengeneza homoni ya estrojeni, inalisha ule utando bila ile nyingine ya kuuzuia. Huku kwetu tulikuwa tunamsifia kwamba ameshiba uzeeni.

Alirudi Kibosho Juni. Sasa anakwenda kliniki kila baada ya miezi mitatu, na ile karatasi yenye mchoro nyuma yake ameilaza ndani ya Biblia. Wanaomuuliza hatua ya ngapi anawaketisha, anaifungua, anawaonyesha kwa kidole kama alivyokuwa akionyesha ramani darasani. Wanawake wawili wa jumuiya wameshashuka naye mjini kuangaliwa kwa sababu ya damu waliyokuwa wanaificha.

Siku aliyorudi, kabla hata hajavua viatu, alizunguka nyuma ya nyumba kwenda kwa Baba. Pale palipofyekwa palikuwa na miche ya kahawa, mistari miwili, imeshashika. Baba mdogo aliipanda masika bila kumwambia mtu. Alikuwa amesimama kwenye mgomba, kofia mkononi, hasemi. Mama aliinama, akapima kwa hatua zake kutoka mche mmoja hadi mwingine.

"Shemeji, umebananisha," akasema. "Kahawa inataka futi tisa."

Wakaanza kuhamisha siku hiyo hiyo, yeye amekaa kwenye kigoda anaelekeza.